Siku Aliyotupungia Mkono

Benchi letu liko nje ya banda la kinyozi, mbao tatu na mguu mmoja wa tofali. Hapo ndipo tulipomshangilia mshambuliaji wetu miaka tisa, tangu anacheza pekupeku mtaani mpaka akaitwa timu ya taifa. Tangu juzi hatuna raha. Madaktari wamesema mfupa wa goti umeoza, kesho asubuhi wanamkata mguu. Ila midomo yetu unaijua, haifungiki.

Aliyeanza ni Mchambuzi, yule kinyozi, ambaye hajawahi kupiga mpira hata wa makaratasi.

— Mimi nasema ni viatu. Vile vya kupewa na timu vilimbana toka mwanzo.

— Viatu gani, wewe? akasema Dokta, fundi baiskeli. Ni sindano za ganzi. Kila mechi anadungwa, goti halisikii kitu, mwenyewe anadhani kapona.

— Na goti lenyewe si lake, akadakia Refa, mlinzi wa ghala. Alipopasuliwa mara ya kwanza walimbadilishia. Lile lake waliliuza, saa hizi linafunga mabao huko nje.

— Refa, kunywa kahawa.

— Nakwambia ukweli. Toka pale kafunga mangapi?

— Alifunga fainali, nikasema mimi. Dakika ya themanini na saba.

— Usinikumbushe, Mchambuzi akasema. Kabla ya lile bao si alisimama mbele yetu akatupungia mkono? Jukwaa zima tukampungia. Tukamwimba mpaka sauti zikakauka, na mtu akarudi mchezoni.

— Alikuwa anatuaga, akasema Refa. Binadamu huijua siku yake.

Hatukumwona dada mkubwa wa mshambuliaji wetu akija. Alisimama nyuma ya benchi na kikapu cha nguo za hospitali. Tukasogea tumpishe, hakukaa.

— Karibu kahawa, dada. Mgonjwa vipi?

— Hajalala. Kanituma kwenu, nami sikutaka kuja. Siku ile goti lilikuwa limeshaachia. Mwalimu wa timu alijifanya hamwoni, ndipo mdogo wangu akawainulia ninyi mkono, mpige kelele atolewe. Anauliza, hamkuona anachechemea?

Mchambuzi akamtazama Dokta. Mimi siku ile nilikaa safu ya mbele kabisa. Niliona, nikazidi kuimba.