Mama Edah, Aliyekataa Kalunguyeye Azikwe Akiwa Baridi

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026, Bi. Edah Nabwile anavua aproni yake baada ya kuitumikia kliniki yetu ya wanyama hapa Kibomet, Kitale, kwa miaka thelathini na mmoja. Amefikisha sitini. Magoti yake yalifika huko kabla yake.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Daktari Emmy, mkubwa wetu. Aliandika mistari mitatu, akalia, akaacha. Ndiyo kazi ikanifikia mimi, Kizito Wakoli, dereva. Shule niliachia darasa la saba, lakini nimeendesha lori mpaka Juba na Lubumbashi, na nimeomba maji ya kunywa kwa lugha sita. Karatasi moja haiwezi kunitisha. Ila ukweli usemwe, hii ni nzito kuliko mzigo wowote niliowahi kuvusha mpaka.

Mama Edah ni mzaliwa wa Kamukuywa. Alikuja kwetu kufagia zizi la ng'ombe wagonjwa, akapandishwa kwa mbwa na paka, na mwishowe akapewa chumba cha wanyama wadogo. Humo ndimo wanamoletwa kalunguyeye wanaofugwa nyumbani, kutoka Kitale, Bungoma, hata ng'ambo ya mpaka wa Suam. Kama hujawahi kumwona, kalunguyeye anatosha kwenye kiganja, ana miiba mifupi mgongoni, na akiogopa anajikunja kama mpira. Hapo hata uwe daktari wa nani, utabaki na sindano mkononi kama mgeni aliyefungiwa mlango.

Mama Edah alikuwa anamweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kumgombeza pole pole: "Fungua, mzee. Hata mimi niko na shida zangu na sijajikunja." Mpira unafunguka. Mimi nilijaribu maneno hayo hayo kwa sauti yangu tamu inayojulikana mpaka Eldoret. Nilichomwa vidole vinne.

Magonjwa yenyewe mengi si makubwa, ila mnyama ni mdogo, kwa hivyo kidogo kwake ni kingi. Utitiri unaingia kwenye ngozi, anajikuna usiku kucha, miiba inadondoka na mba inajaa kitandani. Ngozi inakauka wakati wa kiangazi. Kucha zinakua mpaka zinapinda na kuchoma nyayo. Unywele wa mwenye nyumba unajifunga mguuni na mguu unavimba. Wengine wanapewa maziwa kwa upendo, wanaharisha kwa upendo huo huo. Wengine wananenepa hadi wanashindwa kujikunja, wanabaki wazi kama sanduku lililojaa nguo. Daktari Emmy alitoa dawa, Mama Edah alishika, alikata kucha, alifua vitambaa, na aliwafokea wenye wanyama bila kuangalia gari waliloegesha nje. Mtu wa upole hakuwa. Tusidanganyane kwa sababu ni sherehe.

Kuna siku tulikuwa Bungoma, ambako tunatoa huduma kila Jumatano, tukakuta baba mmoja ameshika panga juu ya kalunguyeye wa watoto wake. Mnyama alikuwa ametoka povu mdomoni, na baba anapiga kelele ati ni kichaa cha mbwa. Watoto wanalia, majirani wamejaa. Mama Edah akapita katikati yao.

"Weka hiyo kitu chini, baba. Huyo amenusa sabuni mpya, sasa anajipaka mate mgongoni. Ni tabia yao."

"Na akiniuma nikufe, utanizika wewe?"

"Si wewe mwenyewe umejipaka mafuta ya nywele leo? Kwani kuna mtu amekuja na panga?"

Watu wakacheka, panga likashuka. Tulikula kuku hapo.

Lakini si kila siku ilikuwa ya kuku. Miaka mingi iliyopita, Julai moja ya baridi kali, tuliletewa kalunguyeye mkavu, baridi kama jiwe la mtoni. Sote tulisema amekufa, tukamzika nyuma ya kliniki. Asubuhi tukakuta shimo liko wazi na udongo umetawanyika. Mpaka leo hatujui kama ni mbwa aliyefukua au ni marehemu mwenyewe. Daktari alitueleza kwamba baridi humzimisha kalunguyeye, moyo ukapiga kwa mbali sana, na asipopashwa joto mapema anaenda kweli. Mama Edah hakula siku hiyo. Kuanzia hapo akaweka sheria yake: hakuna kalunguyeye anayezikwa hapa akiwa baridi. Lazima kwanza akae kifuani mwa mtu, ndani ya sweta, mpaka apate joto. Akiamka, vizuri. Asipoamka akiwa na joto, hapo ndipo tunachukua jembe. Sheria hiyo haikubagua cheo. Mimi nimeendesha gari kutoka Bungoma mpaka Kitale na maiti kifuani, na kona ya mwisho maiti ikanikojolea. Niliimba.

Jumatatu ya wiki iliyopita Mzee Gurdev, mwenye duka la vyuma Bungoma, alituletea kalunguyeye wake, Bajia. Huyu Bajia alikuwa wa mkewe, Santosh, aliyefariki mwezi wa pili. Yeye ndiye aliyempa jina kwa sababu ya rangi na umbo. Mama Edah alimtibu utitiri na kucha tangu akiwa mdogo. Sasa alikuwa mzee, amekonda, na baridi ya usiku ilikuwa imemzimisha.

Daktari Emmy alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu kwamba moyo umechoka, tusitumaini sana. Mzee Gurdev akasema, "Mama Edah, ile nyumba imebaki mimi na yeye tu. Huyu akienda, nitaongea na nani Kipunjabi?"

 Mama Edah alimtia Bajia ndani ya sweta, akaketi karibu na jiko. Zilikuwa zimebaki siku chache astaafu, na alikuwa ametuambia wazi kwamba hataki keki, anataka tu chumba chake kibaki na mgonjwa aliye hai. Alikaa hapo mpaka chai ya saa kumi ikapoa mbele yake. Bajia alipata joto. Alilegea, akafunguka mwenyewe bila beseni. Lakini hakupumua. Daktari alikuwa amesema kweli.

"Nimeshindwa, Mzee," Mama Edah alisema, huku akimtoa. "Nisamehe."

Mzee Gurdev alimpokea kwa mikono miwili, akaweka kidole tumboni pasipo na miiba, akakiacha hapo.

"Ako na joto," akasema. "Santosh nilipewa kutoka kwa friji ya mochari. Nilimshika mkono, nikashindwa kuendelea kuushika, Mama. Mke wangu, na nikashindwa. Huyu wacha nimshike."

Akakaa naye kwenye benchi letu mpaka giza likaanza kuingia. Mama Edah alikaa kando yake. Mimi, niliyekaa na wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani na kuwachekesha, sikupata hata mzaha mmoja. Nikaenda kuwasha gari.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kitale na Bungoma: asante, Mama Edah, kwa mikono yako iliyochomwa, kwa fitina zako za jikoni, na kwa kutufokea tulipostahili. Kliniki hii itapwaya bila wewe, na chumba chako bado hatujampata wa kukiingia. Rudi Kamukuywa upumzike. Ulale mpaka jua likuchoshe, na magoti yakuheshimu. Mzee Gurdev amesema atakuja kunywa chai kwako Jumapili. Tafadhali, mfungulie.