Jina la Kifungua Mimba: Wasifu wa Mwalimu Jailos Mwakyoma (1958–2024)

Mwalimu Jailos Mwakyoma alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Kyimo, Rungwe, mtoto wa pili wa Mzee Andendekisye. Bibi yetu, mama yake, alisema tangu alipojua kutembea hakuketi tena. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kyimo, kisha sekondari na chuo cha ualimu.

Mwaka 1982 alipangiwa kufundisha kemia Kilolo, baadaye Idodi. Alifundisha akizunguka darasa zima, na nyumbani alikula amesimama.

"Baba Gloria, kaa basi," mama alimwambia kila siku.

"Nakaa," alijibu, huku anatoka kwenda kuangalia mahindi.

Tarehe 7 Septemba 1985 alifunga ndoa na mama yetu, Lusia, katika kanisa la Kilutheri, Iringa mjini. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kike, akaishi asubuhi moja tu. Kwa desturi ya ukoo wetu, mtoto wa namna hiyo huzikwa na akina mama kimya kimya, bila jina wala msiba. Baba aliomba apewe jina. Kaka yake, Shedrack, alikataa: "Utamlilia nani, Jailos? Subiri mwingine." Tukaja wengine, lakini baba hakutulia.

Ukutani mwa maabara ya shule alichora jedwali la elementi. Ya 118 ilikuwa na jina la muda tu. Mwaka 2016 ilipopewa jina rasmi, oganesoni, alipanda stuli kuliandika, mama akiishikilia.

"Elementi hii haipo popote duniani, wanaitengeneza wenyewe," alimwambia. "Haimalizi hata sekunde moja, imekwisha. Na wameipa jina, Mama Gloria."

Mama aliishikilia stuli kwa mikono miwili.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani. Wodini Mbeya alishuka kitandani kila wauguzi walipogeuka. Mei mwaka huu wa 2024, baba mkubwa Shedrack alipokuja kumwona, baba alisema mbele yetu, "Kaka, mtoto wangu bado hana jina."

Baba mkubwa aliinamisha kichwa. "Mpeni," akasema.

Mama akajibu papo hapo: "Damari." Alikuwa akimwombea kwa jina hilo miaka yote.

Baba alivuta shuka, akajilaza. Hakushuka tena. Bwana alimtwaa tarehe 19 Mei.

Ameacha mjane, Lusia. Kaka, Mzee Shedrack. Watoto Gloria, Saulo na Lusekelo. Pamoja na wajukuu. Alitanguliwa na kifungua mimba wake, Damari Jailos Mwakyoma.

Baba, sasa kaa. Upumzike kwa amani.