Mtani wa Kijani

Kwenye treni ya Kigoma, mbele yangu walikaa vijana wawili wasiojuana: Silasi, Mnyamwezi anayekwenda Usinge kumzika babu yake, na Shomari, Mzaramo, watani wa jadi wa Wanyamwezi. Kumbe wote wanafuatilia tamthilia moja, ya watu wanaopigana na mashine huko angani.

“Yule kiumbe wa kijani atawasaliti,” alisema Silasi. “Kila siku anamtukana kapteni.” Shomari akacheka. “Anamtania, we mbeba mizigo! Mashine ndizo zenye adabu. Umeona wapi mashine ikitania?” Silasi akajibu, “Nyamaza, mla nazi. Rafiki hatukani.” Nilibana midomo nisicheke, maana nilikuwa katikati ya rozari.

“Basi kapteni akifa, nani atamzika? Mashine?” aliuliza Shomari. Silasi akatazama kifurushi cha sanda miguuni pake.

Treni iliposimama Usinge, Shomari, mwenye tiketi ya kufika Kigoma, alikibeba kile kifurushi. “Twende, mazishi ni kazi ya mtani. Babu yako mchoyo, kafa makusudi asinionjeshe asali. Nitamsema hapohapo kaburini.”

Silasi alijifuta machozi huku akicheka. Nikamsikia akisema huku akishuka: “Lakini yule wa kijani bado simwamini.”