Picha za Alhamisi

Aliyeniletea habari hii kwanza ni Rebeka, binti wa Teodora wa Kamanga, mwaka jana siku chache kabla ya mfungo, na kabla yake hakuna mtu wa nyumba hii aliyekuwa amefumbua mdomo. Nalitaja hilo mwanzo, wanangu, ili msije mkasema baadaye kwamba mama yenu aliokota maneno ya mitaani. Sikilizeni basi. Mwanaharusi, funga mlango wa mbele, mashine za saluni zinaniingia kichwani. Farouk, kaa hapo hapo niliposikia umekaa, usirudi nyuma. Na wewe Ng'washi, huna fungu katika urithi wangu, lakini u jirani yangu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, na maneno ya mgonjwa bila shahidi hupeperuka pamoja na roho yake.

Naanza na mali, maana mali ndiyo rahisi. Nyumba hii ya Mirongo, pamoja na chumba cha mbele kilichokuwa studio ya baba yenu Jumbe, na shamba la Kisesa lenye mawe upande wa juu, vigawanywe kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, kila mmoja fungu lake, na mtu asimpunguzie Farouk hata tofali moja kwa sababu ya haya nitakayosema. Sitaki kumnyang'anya mwanangu kwa hasira ya kitandani. Mtu akifa na hasira, hasira hiyo hubaki ndani ya nyumba ikidai sahani yake kila jioni.

Lakini kuna kabati.

Baba yenu aliupiga picha mji huu tangu ungali mdogo, mtu anatoka stesheni hadi bandarini kwa miguu bila kukata jasho. Aliwapiga mafundi wa Makoroboi wamekaa chini na nyundo zao, aliupiga mto ukiwa bado na wanawake wanaofua, alipiga msururu wa watu mbele ya jumba la senema, Ng'washi huyu akiwa dirishani anauza tiketi, na alipiga meli ikiingia huku watu wamepanda mawe ili waione. Vingi vya hivyo leo havipo, na anayetaka kujua palikuwaje hana budi kuja kwenye rafu za Jumbe. Hizo ni picha za baba yenu, nazo ni halali yenu.

Alhamisi alikuwa akienda Kisesa na kamera ndogo, kuwapiga watu wa mnadani, mimi akiniachia ile kubwa ya miguu mitatu. Ndiyo siku iliyokuwa yangu. Nilifunika kioo cha mlango kwa kanga, nikashusha pazia lenye maua ya waridi ambalo halikushushwa siku nyingine yoyote, na wanawake wakaingia kwa mlango wa uani. Walikuja maharusi wa Kiislamu waliotaka kujiona bila ushungi. Walikuja wasichana na suruali ndani ya vikapu, enzi zile ambazo mwanamke angeweza kuchaniwa suruali yake barabarani. Alikuja mama aliyenyoa kichwa kwa msiba wa mwanawe, akasema anataka kuuona uso wa huzuni yake kabla nywele hazijaota. Wengine walichukua picha na kuniachia negativu, ile filamu inayozaa picha, wengine waliniachia vyote viwili, kwa kuwa makwao hapakuwa na pa kuvificha, nami nikavifungia kabatini. Kila mmoja nilimwambia neno moja: haitatoka hapa ila kwa mkono wako.

Baba yenu, mwenye studio, mwenye nyumba, hakulifungua kabati lile hata mara moja. Akitafuta kitu karibu nalo alikohoa kwanza, kana kwamba mle ndani mna watu wanavaa.

Teodora alikuja Alhamisi ya masika. Alikuwa na donda la ziwa, na madaktari walikuwa wamemwambia kwamba ziwa litaondolewa wiki ile ile. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akashusha nguo begani, akaniambia, "Piga upesi, Mama Farouk, kabla halijaniaga," kisha akacheka kwa neno lake mwenyewe, nami nikapiga akiwa katikati ya kicheko. Alipokwisha kuvaa alinishika mikono yote miwili. "Isionwe na jicho lingine mpaka nije mwenyewe." Hakuja. Nilisikia amefariki, nikavuka pantoni kwenda Kamanga kuwatafuta watu wake, nikaambiwa wamehamia upande wa Geita na mtoto mdogo wa kike. Nikarudi nayo, nikaiweka mahali pake. Mji ukabomolewa na kujengwa, studio ikafa, baba yenu akafa, na yeye akabaki mle kabatini anacheka.

Sasa wewe, Farouk. Macho yangu yalipoingia ukungu ulinijia na wazo jema, na nasema jema bila kejeli. Ulisema, "Mama, wajukuu hawaujui mji huu ulikuwa na sura gani. Nipe picha za baba nitengeneze filamu." Nilikupa rafu zote za mitaa. Alasiri nyingi ulikaa hapa mkekani, unashika picha, unanieleza kilichomo, nami nakwambia ni nani na ni wapi, simu yako ikinasa sauti yangu. Zile zilikuwa siku zangu njema kuliko zote tangu baba yenu azikwe, kwa sababu nilidhani nimepata mtu wa kukumbuka naye. Siku moja ulishika ile ya jumba la senema, mimi nikacheka, nikasema, "Huyu alikuwa mzuri, mji mzima ulikuwa ukimjua, wanaume walikuwa wakimnunulia tiketi yeye, si filamu." Nilikuwa namsema Ng'washi.

Nilipolazwa kwa ajili ya macho nilikuachia funguo. Funguo zote ziko kwenye kamba moja, na mama hakai akamtenga mwanawe na ufunguo mmoja kama mtu wa kupanga. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiwasomea wengine methali hiyo, sikujua nguo yenyewe ni yangu.

Macho hayakurudi, ila nuru na kivuli. Nami nilikuwa hapa na Ng'washi, anamenya mihogo, Rebeka alipobisha hodi. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, nikamuuliza yeye ni nani. "Mimi Rebeka, nimetoka Igoma. Nimeliona jina la studio, nikauliza hadi nikafika. Mama yangu alikuwa Teodora wa Kamanga, na mama mdogo ndiye aliyemtambua. Mama, naomba kuuliza. Mama yangu anafanya nini kwenye simu za watu?"

Akaiwasha filamu yako simuni mwake. Nikasikia muziki, kisha nikajisikia mwenyewe nikicheka na kusema yale maneno ya mji mzima kumjua na wanaume na tiketi. Ng'washi akaacha kisu. "Mayu, mama wee! Maulida, hayo si yangu? Uzuri wangu wamempa nani?"

Nikamwambia, "Tazama, unieleze."

"Mwanamke maji ya kunde, yuko kwenye kigoda, bega wazi, anacheka. Nyuma yake maua ya waridi."

Hapo nikajua ni kabati langu lililofunguliwa. Chini yake ulikuwa umeandika, "Kimwana wa Mwanza, miaka ya sabini." Na chini ya maneno yako watu nao waliandika yao, Rebeka akanisomea kwa sauti isiyotetemeka, nikajua amekwisha kuyasoma peke yake mara nyingi: mmoja kasema, kumbe bibi zetu nao walikuwa wanajiachia, mwingine kauliza ilikuwa bei gani. Kisha Rebeka akaweka simu chini na kuniuliza, taratibu kabisa, "Mama, sauti ni yako. Niambie kweli. Alikuwa akijiuza?"

Mwanamke mtu mzima, ana watoto wake, anamuuliza mgeni kipofu swali hilo juu ya mamaye, na sababu ni sauti yangu. Nilimweleza donda, na hospitali, na lile neno la kuaga. Rebeka akasema, "Sikuwahi kuujua uso wake. Nimeutazama mpaka bando likaisha, na kila nikiutazama nilikuwa naona aibu."

Nipe maji, Mwanaharusi. Kidogo tu.

Nilikuita, Farouk, nawe hukukana, hilo nalikubali. Ulisema, "Mama, za baba ni majengo na barabara. Watu wa mji huu wako kwenye kabati lako. Mji umekufa, mimi naufufua." Ukasema uliikata, haionekani ila bega. Ukasema watu walilia ukumbini ulikoionyesha, na yawezekana walilia. Mwisho ukasema neno lililoniuma kuliko mengine: "Bila filamu yangu, Rebeka angekupataje?" Mwanangu, mwizi akikuvunjia ukuta ukaona jua, hudaiwi shukrani ya jua. Rebeka ilikuwa haki yake kuingia kwa mlango, akapewa mamaye mkononi, ameambiwa kwanza ni nani na anacheka nini. Wewe ulimpa pamoja na matusi ya wanaume asiowajua. Na wale wengine, kila mmoja au binti yake anayesikia sauti yangu mle, anasema Maulida kaniuza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na wewe hukuivunja kata, uliichukua ukaifanya ipige kelele sokoni.

Tena najua umekwisha kuwaahidi watu wa nje kwamba nikifumba macho kabati litakuwa lako. Umekosea hesabu za urithi. Nyumba hurithiwa, shamba hurithiwa. Amana hairithiwi, amana hurudishwa. Siwezi kukupa, siwezi kumpa hata Mwanaharusi, kwa kuwa sikuwa nayo hata siku moja. Nilikuwa nimeishika tu.

Kwa hiyo shikeni haya. Ufunguo wa kabati uko chini ya mto wangu, autoe Mwanaharusi, na Ng'washi akae naye wakati wa kufungua. Kila bahasha ina jina. Aliye hai apelekewe mkononi. Aliyekufa apelekewe binti yake, na kama hana binti, dada yake, na wenyewe wataamua kama ni ya kuchana au ya kutundika sebuleni, si kazi yetu kuwachagulia. Zisizo na mtu kabisa, msizichome, moshi wake huwaingia majirani. Zilowekwe kwenye maji ya moto na magadi, msugue hadi zibaki nyeupe. Rafu za Jumbe achukue Farouk, aendelee na kazi yake ya mji, aandike jina la baba yake. Lakini filamu ile aitoe popote alipoiweka, amwondoe Teodora, na aiondoe sauti yangu yote, hata penye picha za mto, hata penye meli. Sauti haimo katika urithi. Naondoka nayo.

Na Teodora usimpe mtu akupelekee, Farouk. Utambeba wewe.

Sogeeni sasa, nguvu zinaisha. Mwanaharusi, leta kichwa. Mungu akupe watoto wa kukutazama machoni. Farouk... wewe pia, njoo. Mungu akulinde na maji na moto, akupe riziki ya mikono yako. Haki yangu, ya sauti na ya ufunguo, nimekusamehe, na Ng'washi asikie. Haki ya wale wanawake siwezi kukusamehe. Si kwamba sitaki. Si yangu. Kila mmoja ana ya kwake, na aliyekwisha kuzikwa hana mdomo wa kukwambia nimekuachia.

Basi uwajue waliobaki wa kuombwa radhi. Wa pazia la maua wengi wametangulia... Maharusi wametangulia wote. Yule wa kichwa cha kunyoa yu hai, ni Mama Kija, yuko Kisesa, hasikii vizuri, useme kwa nguvu. Hellen wa suruali yu hai, yuko kwa mwanawe Magu. Ng'washi, uliyemvua sifa yake, yu hai, unamwona.

Mimi... bado kidogo.

Rebeka yu hai. Anza kwake.