Yai la Kuku wa Shamba: Maisha ya Marehemu Lapo, Mchoraji wa Gubbio

Ndugu waombolezaji, mimi ni Cecco, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome haya.

Kaka yetu Lapo alizaliwa hapa Gubbio tarehe 4 Mei 1431, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Meo mchonga mawe, akafundishwa kusoma na mapadri, na mwaka 1443 akapelekwa Perugia kujifunza uchoraji, ambako alisaga rangi miaka sita kabla ya kukabidhiwa brashi. Alirudi mwaka 1455 akafungua karakana mtaa wa wafinyanzi, na watakatifu mnaowaona kwenye kuta za kanisa hili ni kazi ya mikono yake. Rangi za kuchorea kwenye mbao alizikoroga kwa kiini cha yai, kile kilichopauka cha kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, na kile chekundu cha kuku wa shamba kwa nyuso za wazee, na ole wako ukosee.

Tarehe 12 Januari 1457 alifunga ndoa na shemeji yetu Ghita, wakajaliwa watoto wanne, wawili wametangulia. Miaka yote hiyo Ghita alimwomba amchore, naye akajibu wateja kwanza, mke yupo tu. Jamani, kaka yangu alikuwa mkaidi!

Septemba mwaka huu wa 1489 alishikwa na kifua, akawa anachora kitandani akiegemea mito, na kwenye ubao wake wa mwisho alichora kitambaa cha kichwani cha Ghita, shingo na mabega, akabakiza uso. Tarehe 8 Novemba, baada ya siku nne bila kula, aliomba yai la kuku wa shamba. Ghita alifurahi mno, akadhani hamu ya chakula imerudi, akalichemsha. Lapo alipoliona alicheka hadi akakohoa, akasema, "Mke wangu we, umeuchemsha uso wako!" kisha akalila lote. Alifariki kesho yake asubuhi.

Nami ni mchoraji, nikajitolea kuumalizia uso huo, shemeji akakataa, akasema, "Wewe Cecco unanitazama tu, mwenzio alikuwa ananijua." Ubao uko hapa kando ya jeneza, hivyo hivyo.

Tunamshukuru daktari, majirani waliotuletea kuni na mikate, na mafundi wenzake waliobeba jeneza. Shemeji, acha kujilaumu, angeweza kuomba yai jingine, akaona bora ale ulichompikia. Kaka Lapo, pumzika kwa amani.