Mama Dizeli na Sababu Yake

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzetu, na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imempa kazi ya kusoma karatasi hii mdogo wa marehemu, aliyetunza stoo ya mafuta ya kampuni ya dada yake ya kukata nyasi kwa miaka thelathini, naye ameikubali kwa sababu lipo jambo moja ambalo bila yeye lingezikwa leo, basi mumvumilie akikwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi bomba na mshonaji, na miaka minne baadaye akazaliwa msomaji wenu, wakabaki hao hao wawili, chanda na pete, ingawa chanda kilimchapa pete mara nyingi kwa kuchelewa kurudi nyumbani.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha sekondari ya wasichana hadi 1973, ambako siku moja aliadhibiwa kufyeka uwanja wa shule, akaufyeka vizuri kiasi kwamba tangu hapo mwalimu wa zamu akawa anamtafutia makosa.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya bustani za manispaa, akakaa humo miaka kumi na miwili akiandika barua za watu waliokata nyasi vibaya, hadi uvumilivu ulipomwisha, na tarehe 1 Februari 1986 aliacha kazi, akanunua mashine mbili kuukuu za petroli, akakodi banda la mabati jirani na kiwanda cha mbao, na mwaka uliofuata akamkabidhi mdogo wake ufunguo wa stoo.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1979 na fundi wa mashine aliyekuja ofisini kutengeneza mashine moja, akaitengeneza kwa wiki tatu, ilhali kilichokufa kilikuwa plagi tu, na shemeji mwenyewe yuko hapa, hawezi kukana. Mungu aliwajalia binti mwaka 1981, ambaye sasa ni muuguzi, na kijana mwaka 1984, dereva wa trekta.

Sasa msomaji anaomba maji kidogo, kwani amefika mahali pake.

Mwezi Septemba 1993 msomaji alianguka kutoka kwenye gari la kampuni, akagonga kichwa kwenye ukingo wa barabara, akalazwa siku kumi na moja, akapona kila kitu isipokuwa pua, yaani tangu siku hiyo hasikii harufu yoyote, wala ya mkate, wala ya moshi, na jambo hilo hakumwambia mtu, hata mkewe, kwa sababu madumu yote ya stoo, ya petroli ya mashine na ya dizeli ya gari, yalikuwa yale yale ya njano yaliyowahi kubeba mafuta ya kupikia, vibandiko vikifutika kila wiki, kila dumu likijulikana kwa kunuswa, na mtunza stoo asiyeweza kunusa alijua angenyang'anywa ufunguo, naye alikuwa na watoto watatu na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Lisilobudi hutendwa, na tarehe 20 Aprili 1995, asubuhi ya ufunguzi wa wodi mpya ya hospitali, mashine nne za petroli zilijazwa dizeli, zikakohoa moshi mweupe, zikazima mbele ya wageni, nyasi zikabaki nusu kama kichwa kilichokimbiwa na kinyozi, na marehemu alikuja, akanusa dumu, akamtazama mdogo wake, kisha akawaambia wafanyakazi kwamba ni yeye mwenyewe aliyechanganya madumu jana yake jioni.

Mwezi uliofuata aliitisha kikao cha kuchagua mafuta ya aina moja kwa mashine zote mpya, na shemeji akatetea petroli, kwamba mashine zake ni nyepesi, zinawaka upesi na vipuri vyake viko kila duka, na msomaji, kwa ujinga wake, akatetea gesi ya mitungi, kwamba inaungua safi, haichachi ikikaa na hakuna anayeweza kuinyonya kwa mpira, na marehemu akawasikiliza wote, akasema, dizeli tupu, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba dizeli haina haraka, kama yeye.

Mashine zilikuja, nzito kama makabati, zikaacha mifereji kwenye nyasi mbichi, tukapoteza kazi ya viwanja vya tenisi, watu wakambatiza Mama Dizeli, wakasema bibi huyu ana kichwa kigumu, naye akacheka nao, akaipiga marufuku petroli stoo, hata pikipiki za wageni zikaachwa nje ya geti, na hakuwahi kujitetea hata mara moja.

Novemba 2022 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa mara tatu, na tarehe 28 Mei 2023, msomaji akiwa amekaa kando ya kitanda, marehemu alimuuliza kama anakumbuka siku alipomnyooshea mkono pale stoo, wiki ile ile ya ufunguzi wa wodi, amnusishe manukato aliyonunuliwa na mumewe, naye msomaji akayasifu sana, akasema yanafanana na waridi, na marehemu akamwambia kwa sauti ndogo kwamba ile ilikuwa petroli. Alisema petroli hulipuka upesi, na gesi ikivuja pua ndiyo inayojua kwanza, kwa hiyo yalibaki mafuta ya aina moja tu ambayo angeweza kumfungia ndugu yake ndani nayo na bado akalala usingizi, na kwamba ufunguo hakuuchukua kwa sababu aliona ndio uliokuwa unamsimamisha wima.

Alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa tano asubuhi, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wafanyakazi wenzetu, mliocheka naye na mliobeba naye mzigo. Na wewe shemeji, uliyeamini hadi asubuhi ya leo kwamba mkeo alikataa hoja yako kwa kuiona mbovu, marehemu ameagiza uambiwe mbele ya watu kwamba petroli ndiyo iliyofaa, alijua hivyo siku ile ile ya kikao, na anakuomba radhi.

Wengi wamemwambia msomaji kwamba maua haya yaliyo juu ya jeneza yananukia vizuri sana. Anawaamini.

Dada, umechoka kwa ajili yetu, sasa pumzika kwa amani.