Kathuri Aliugawa, Riungu Akaufunga

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Kathuri, mwana wa Ishiara kule Mbeere, aliyefariki kwa malaria mwezi huu wa Mei, 1999. Kathuri aliunda mfumo wa kuendesha kompyuta ndogo za mkononi. Aliuunda, kisha akaugawa bure.

Alianza mwaka 1996, katika duka la kutengeneza redio pale Makutano, Meru, pamoja na rafiki yake Riungu. Aliyetaka alipewa disketi yenye mfumo wote, hata maandishi yake ya ndani, yale ambayo wenye kampuni huyaficha. Sharti lilikuwa moja: ukiboresha, rudisha tugawane. Na watu walirudisha! Mwalimu wa Kinoru aliongeza Kimeru. Muuguzi wa Ishiara aliongeza kumbukumbu za chanjo. Mfumo ukakua.

Dada yake, Winrose, alimsihi aandikiane na watu mkataba.

"Alinicheka," anasema Winrose. "Aliniuliza, 'Wee Winrose, jirani akikuomba mbegu ya mtama, unamshikisha kalamu?' Huku Mbeere unampa tu. Akivuna, anakurudishia."

Hawakuandikiana. Mwaka jana Riungu aliupeleka mfumo kwa kampuni moja Nairobi. Ukarudi madukani umefungwa. Huwezi kuurekebisha, na jina la Kathuri halimo. Nasema tena, wasikilizaji: jina la Kathuri halimo. Yule muuguzi aliletewa kompyuta mpya, akakuta ndani kazi yake mwenyewe, na haruhusiwi kuigusa.

Kathuri alimfuata Riungu dukani.

"Bosi, hii ni biashara," Riungu akamwambia. "Ungetaka iwe yako, ungesaini."

"Sikutaka iwe yangu," Kathuri akajibu. "Nilitaka iwe yetu."

Jumamosi iliyopita Riungu alikuja mazishini na shada kubwa kuliko yote. Mama mzazi, Cicily, hakulipokea.

"Riungu, umekula kwangu kama mtoto wangu. Maua rudi nayo. Mimi nataka ufungue ile kitu ya Kathuri."

"Tutaongea, Mama," Riungu akasema. Akaondoka kabla jeneza halijashushwa.

Mama Cicily, Winrose na jamaa yote, poleni sana. Mungu awafariji. Nawe msikilizaji, jiulize leo: kuna kitu ulichopewa kikiwa wazi, ukawafungia wenzako?

Na Riungu, kama redio yako imewashwa, Mama Cicily hajaenda popote. Yuko nyumbani Ishiara. Anangoja mwongee.